Kama unasomea kinga ya mwili, usikimbilie kuihama Dar

Kila msimu wa kuomba ufadhili ukifika, wadogo zangu wa Muhimbili hunitumia ujumbe wa aina moja: shikamoo dada, hivi uzamili wa magonjwa ya kuambukiza na kinga ya mwili nije kusomea huko au nibaki hapa? Wanatarajia niseme "njoo". Niko Glasgow, uzamili nimemaliza, sasa nahangaika na uzamivu, na jibu langu huwaudhi wengi: anzia Upanga, hapohapo chuoni kwenu.

Huku kuna raha zake, sitazificha. Kitendanishi, yaani kemikali ya vipimo, ukikiagiza leo, baada ya siku moja au mbili kiko mezani, barafu kavu bado inafuka. Maabara niliyofanyia kazi Dar ilikuwa inangoja wiki na wiki, na mzigo ukikwama forodhani unatoka barafu imeshakwisha, kingamwili za bei mbaya (protini za kinga, ambazo maabara huzitumia kwenye vipimo) zimeharibika. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hapa hakuna anayeiwaza. Kule umeme ukikatika usiku, kuna mtu anaamshwa kwa simu aende kuangalia jenereta. Uzamili huku ni mwaka mmoja, nyumbani miwili. Hata kodi nalipa mwezi kwa mwezi. Hakuna baba mwenye nyumba wa Sinza anayetaka ya miezi sita mkononi kabla hata hujaona bafu.

Lakini hizo ni raha za vifaa. Tukija kwenye elimu yenyewe, hesabu inabadilika.

Ile mashine inayohesabu seli kwa mwanga wa leza, wenzangu wengi darasani waliigusa mara ya kwanza wakiwa uzamili. Wataalamu wa maabara wa Dar wameitumia miaka na miaka kuhesabia CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, za wagonjwa wa CTC, kliniki za VVU, na hakuna aliyewapigia makofi. Siku ya slaidi za malaria mwalimu alizipitisha kwa mikono miwili, taratibu, kama urithi wa bibi. Mimi nilishakaa kwenye hadubini nikihesabu vimelea mpaka macho yakauma. Binti mmoja akaniuliza homa ya malaria inakuwaje mtu anapoisikia. Nikamweleza, maana Dar swali hilo nani atakuuliza?

Kuna jambo zito zaidi. Sehemu kubwa ya tunachofundishwa kuhusu kinga imetokana na panya wa maabara, waliozaliwa kwenye vizimba visafi mno. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kinga ya panya hao inafanana zaidi na ya mtoto mchanga kuliko ya mtu mzima. Walipowachanganya na panya wa madukani, wenye vijidudu vyao, kinga ikaanza kukomaa. Sasa wewe uliyekulia Mbagala, ukaugua malaria ukiwa mdogo, ukanywa dawa za minyoo shuleni, ukapitia dengi ya 2014, kinga yako inaelezwa na kitabu gani?

Jibu lake lilianza kupatikana Bagamoyo, si Ulaya. Taasisi ya Afya Ifakara ilipojaribu pale chanjo ya PfSPZ, inayotengenezwa kwa vimelea vizima vya malaria vilivyodhoofishwa, watu wazima wa Kitanzania walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani waliopewa dozi ileile. Chanjo moja, miili yenye historia tofauti. Mwanafunzi wa fani hii akilielewa swali hilo vizuri, ana kazi ya maisha. Na watu wa kulijibia wako mwendo wa daladala kutoka Mwenge.

Halafu kuna kichekesho cha viza. Mtanzania anayekuja Uingereza kwa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu kwanza. Ukishathibitisha huna, unalipa pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa masomo, kisha unakaa darasani kufundishwa kifua kikuu na watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona mgonjwa wake. Wanafunzi wadogo wa hapa wengi hata kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani hawana, maana chanjo hiyo ilikoma kutolewa kwa wote mashuleni mwaka 2005.

Kwa hiyo ushauri wangu: uzamili fanya nyumbani, kwenye uzamivu ndipo utafute njia ya kugawana. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mpango huo. Unabaki mwanafunzi wa chuo cha nyumbani, unakuja Uingereza hadi miezi 12 kutumia mashine, unarudi. Sampuli zikisafiri zinahitaji mkataba wenye idhini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na watu huulalamikia urasimu huo. Mimi siulalamikii. Bila karatasi hizo, damu ya Temeke ingeishia kuwa mali ya friza ya mtu mwingine.

Na kama umeshapata nafasi na tiketi umekata, njoo, usinichukie. Ila kabla hujasaini muulize msimamizi wako sampuli zitatoka wapi, na zikizaa makala jina la nani litatangulia. Akianza kuzungukazunguka niandikie. Nawafahamu wasimamizi kadhaa wa Upanga na Bagamoyo wanaojibu barua pepe siku hiyohiyo.