Mkono wa Kushoto wa Mpiga Piano wa Jazi: Ulidhoofika au Ulipunguziwa Kazi?

Wapenzi wa piano ya jazi hutofautiana pale masimulizi yanapofika miaka ya 1940. Upande mmoja hushikilia kwamba mpiga piano wa zamani alikuwa bendi nzima ndani ya mtu mmoja, na kwamba vijana wa bibopu, mtindo wa jazi wenye kasi uliozuka miaka hiyo, waliunoa mkono wa kulia na kuuacha wa kushoto ukigusagusa noti hapa na pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Upande wa pili hujibu kwamba mkono huo ulikuwa umefungwa kwenye kibarua cha kushika mwendo, na kwamba kuufungua ndiko kulikoiwezesha piano kunena kwa uhuru uleule wa tarumbeta na saksafoni. Kila upande una hoja, lakini naona pande zote mbili husahau kuuliza swali dogo: ni nani mwingine aliyekuwapo jukwaani?

Katika Harlem ya miaka ya 1920, jijini New York, mara nyingi hakuwapo mtu mwingine. Wapangaji walioelemewa na kodi ya nyumba waliandaa karamu sebuleni, wakatoza kiingilio, na kumwita mpiga piano mmoja ambaye alipaswa kuwachezesha wageni hadi alfajiri bila ngoma wala besi. Mtindo wa straidi ulistawi katika mazingira hayo. Mkono wa kushoto hupiga noti nzito ya chini katika pigo la kwanza na la tatu, kisha huruka hadi katikati ya kinanda na kupiga fungu la noti, yaani noti kadhaa kwa pamoja, katika pigo la pili na la nne, wakati mkono wa kulia unaimba na kupamba. Kibao cha "Carolina Shout", ambacho James P. Johnson alikirekodi mwaka 1921, kiligeuka mtihani wa kila kijana aliyetaka kuheshimiwa katika vyumba hivyo. Duke Ellington, mpiga piano aliyekuja kuongoza bendi yake mwenyewe, alikijifunza kwa kupunguza kasi ya piano ya kujiendesha, ile inayosoma karatasi yenye matundu, na kufuatisha vidole vyake pale vitufe vilipozama vyenyewe.

Wanaolalamikia bibopu humweka Art Tatum kileleni, na ni vigumu kuwapinga. Mzaliwa huyo wa Toledo, Ohio, aliyekuwa karibu kipofu, alipoirekodi "Tiger Rag" mwaka 1933 alisikika kama watu wawili au watatu walioketi kwenye kinanda kimoja. Alipenda kubomoa mpangilio wa mafungu ya noti ya wimbo katikati ya mstari, akazunguka mbali na ufunguo wake wa awali, kisha akarudi nyumbani kwenye pigo lenyewe bila kuchelewa. Hata hivyo, wengi wamewahi kusema kwamba Tatum aliposhirikiana na wenzake aliwaachia nafasi ndogo ya kusema, na mimi nakubaliana nao. Mtu anayejaza kila pembe ya nyumba hamwachii mgeni kiti.

Viti hivyo vilianza kudaiwa mapema. Mwaka 1928 Earl Hines, akipiga na mpiga tarumbeta Louis Armstrong, alikuwa tayari anaukatiza mwendo wa kushoto makusudi, huku mkono wa kulia ukiiga tarumbeta. Count Basie naye alipunguza noti hadi zikawa chache kama maneno ya mzee barazani. Mpiga besi Jimmy Blanton alipoingia katika bendi ya Ellington mwaka 1939, besi iliacha kuwa mtunza saa tu na ikaanza kuwa na sauti yake. Katika ukumbi wa Minton's Playhouse, Harlem, mpiga ngoma Kenny Clarke alihamishia mwendo kwenye toazi. Ndipo alipokuja Bud Powell, mpiga piano wa bibopu, ambaye mkono wake wa kulia ulimwaga misururu mirefu ya noti kwa kasi ya saksafoni ya Charlie Parker, na wa kushoto ukachomeka mafungu mafupi, mara nyingi ya noti mbili au tatu. Kama angeruka kwa straidi, angekuwa anafanya upya kazi ambayo wenzake wawili walikuwa wameshaifanya, tena angewagonga.

Kwa hiyo siamini dai la udhaifu. Thelonious Monk, aliyekuwa mpiga piano wa Minton's, akibaki peke yake straidi ilirudi kwenye kiganja chake, yenye kigugumizi cha kukusudia lakini ya Harlem kabisa. Mpiga piano Mary Lou Williams, ambaye nyumba yake ilikuwa kituo cha Monk na Powell, alipita katika karibu mitindo yote hiyo bila kupoteza mkono wowote njiani.

Lakini walalamikaji wana ushahidi mzito zaidi ambao hawautumii ipasavyo, nao unatoka miaka ya baadaye. Mpiga piano Bill Evans alizoea kuiacha noti ya msingi ya fungu, akijua besi itaipiga au itaidokeza. Rekodi za kundi lake la watu watatu za Juni 25, 1961, katika klabu ya Village Vanguard, ni mazungumzo yake na mpiga besi Scott LaFaro, aliyefariki katika ajali ya gari kabla ya wiki mbili kupita. (Msemo wetu wa "kupapasa kinanda" unamfaa Evans kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.) Mwaka 1966, katika kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis, Herbie Hancock, ambaye miaka michache baadaye alijichukulia jina la Kiswahili, Mwandishi, alipiga baadhi ya vibao kwa mstari mmoja wa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kimya. Hapo ni haki kuuliza kama bado tunasikia piano au tarumbeta yenye vitufe. Mimi nazipenda rekodi hizo, ila sidhani kwamba kuzipenda kunalijibu swali.

McCoy Tyner, katika kundi la mpiga saksafoni John Coltrane, alikuwa ameshalijibu kwa namna yake: aliangusha noti nzito za chini kama mtu anayetwanga, akiwa na besi na ngoma kali pembeni, na hakuna aliyemwona kuwa ameingilia kazi ya mtu. Kisha usiku wa Januari 24, 1975, mjini Köln, Ujerumani, Keith Jarrett aliketi peke yake mbele ya piano ambayo siyo aliyoiomba, ndogo, yenye noti nyembamba juu na chini kusiko na mvumo. Hakurudi kwenye straidi. Mkono wake wa kushoto ulishika kipande kifupi katikati ya kinanda, ukakirudia na kukirudia kwa dakika nyingi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukishika.