Hesabu siku kabla ya kuhesabu mabusu

Katika makanisa ya Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, kiongozi wa vijana mwenye kabati ya vitabu hakosi kuulizwa swali hili: riwaya ya mapenzi yenye taharuki, iliyoandikwa na Mkristo na kutafsiriwa kwa Kifaransa, inamfaa kijana wa miaka 13 hadi 17? Mpango wa hadithi unajulikana. Mwanamke anawindwa, mwanaume mwenye silaha anamlinda, mapenzi yanachipuka katikati ya milio ya risasi, muuaji anakamatwa, harusi inatangazwa. Wazazi wengi hukataa mara tu wanapoliona neno «mapenzi» kwenye jalada. Vijana nao hujitetea kwamba hakuna busu hata moja mpaka ukurasa wa 180. Ukiwasikiliza vizuri, pande zote mbili zinapima kwa mizani ileile: nani alimgusa nani, wapi, na mara ngapi.

Mizani hiyo ni nyepesi mno kwa kazi hii. Kitabu kinaweza kuwa cheupe kama kanzu ya komunyo ya kwanza, na bado kikampandia binti wazo litakalomgharimu miaka. Kingine kina mabusu mawili na maiti moja, na kinaweza kumfaa kuliko mahubiri mengi.

Wanaokataa wana hoja za Maandiko, nazo ni za kweli. Paulo anawaambia Wafilipi, sura ya 4, wayatafakari yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki na safi. Wimbo Ulio Bora unawasihi binti za Yerusalemu mara tatu wasiyachochee mapenzi wala kuyaamsha, hata yatakapoona vema yenyewe. Lakini hoja yao nzito zaidi inatoka barabarani. Hapa Kivu, utekaji nyara si kiungo cha kukoleza hadithi. Msomaji wa Marekani anasoma sura ya utekaji akijua mlango wa nyumba yao umefungwa na usiku utapita salama. Msichana wa Panzi au wa Goma huenda anamjua kwa jina mtu aliyechukuliwa njiani. Mzazi anayesema «mtoto wangu ameona ya kutosha, niachieni akili yake ipumzike» anastahili jibu la heshima.

Jibu lipo. Orodha ya Paulo inaanza na neno «kweli», na Biblia yenyewe haikuona kwamba ukweli kuhusu mapenzi na hatari ufichwe. Soma 2 Samweli 13, ambapo Amnoni, mwana wa Mfalme Daudi, anambaka Tamari, dada yake wa baba mmoja. Kuna ugonjwa wa kujisingizia, chakula kinacholetwa chumbani, watumishi wanaotolewa nje, binti anayesema hapana na kueleza sababu zake neno kwa neno. Kisha kuna mstari wa 15, unaosema kwamba chuki ya Amnoni kwa Tamari ilizidi mapenzi aliyokuwa nayo kwanza. Mstari huo mmoja unamfundisha kijana kuyatambua mapenzi ya uongo kuliko makatazo kumi.

Na hatuhitaji kwenda Yerusalemu. Watoto wa Kizito-Anuarite, kundi la watoto wa Kikatoliki, wanasimuliwa habari za Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alimkataa afisa wa waasi aliyetaka kumchukua kwa nguvu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kuna usiku, bunduki, tishio la mwili na kifo, na watoto wanayasikia yote. Kwa nini hakuna mzazi anayeandamana? Kwa sababu katika masimulizi hayo nguvu inaitwa nguvu. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba afisa yule alikuwa na upendo uliozidi kipimo.

Hapo ndipo mpaka ulipo, na riwaya nzuri ya aina hii inaweza kukaa upande wake salama. Taharuki, ikiandikwa na fundi, ni mafunzo ya kuona dalili. Msomaji anaanza kujiuliza mapema: huyu jirani amejuaje njia ninayopitia kutoka masomoni? Zawadi hii bila sababu inaomba nini? Kwa nini anataka niwaache rafiki zangu? Kijana wa miaka 15 anayekisia mhalifu ni nani, akarudi nyuma kurasa 40 kutafuta alikodanganywa, anazoeza jicho ambalo atalihitaji. Tena katika vitabu vizuri mwanamke akisema «naogopa» kuna mtu anayemwamini, aibu inabaki kwa mkosaji, na aliyetekwa anarudi nyumbani bila kuulizwa alikuwa amevaa nini. Wangapi kati ya wasichana wetu wamewahi kuona mwisho wa namna hiyo, hata kwenye karatasi?

Hatari ya kweli ya aina hii ya vitabu iko kwingine, na inaeleweka vizuri kwa jaribio moja la zamani. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walitoa matokeo ya utafiti walioufanya Kanada, kwenye daraja la Capilano karibu na Vancouver. Ni daraja la kuning’inia, urefu wake kama mita 137, linayumba juu ya bonde lenye kina cha mita 70 hivi. Mwanamke mtafiti aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakivuka, akawaomba waandike hadithi fupi kuhusu picha, kisha akawapa namba yake ya simu. Wengine walifanyiwa vilevile kwenye daraja imara la mbao, mita 3 tu juu ya kijito. Kati ya 18 waliochukua namba kwenye daraja la kutisha, 9 walipiga simu. Kwenye daraja la mbao, kati ya 16 walipiga 2.

Tisa kwa kumi na nane, mbili kwa kumi na sita. Watafiti walieleza kwamba moyo uliokuwa ukidunda kwa hofu ulijitafsiri kuwa moyo uliovutiwa. Idadi ni ndogo, na mtu anaweza kusema kwamba wanaothubutu kuvuka daraja kama lile ni wajasiri tangu mwanzo. Watafiti waliliona hilo, wakarudia: safari hii waliwalinganisha waliokuwa bado darajani na waliokwisha kuvuka na kupumzika dakika 10 au zaidi. Waliopumzika walipiga simu wachache zaidi, ingawa wote walikuwa wamelivuka daraja lilelile. Kilichobadilika ni dakika kumi za kuvuta pumzi.

Sasa chukua riwaya ya mapenzi yenye taharuki. Kitabu kizima ni daraja la Capilano. Mwandishi anazipumzisha risasi kwa kurasa tano, na katika kurasa hizo hizo mhusika anatambua kwamba anapenda. Msomaji naye moyo unamdunda, kwa hiyo anakubali. Kwa mtu mzima aliyeishi ndoa, huo ni mchezo wa fasihi na anaujua. Kwa binti wa miaka 14 katika mji ambao hofu ni ya kweli mara nyingi, somo linaloweza kubaki ni kwamba anayekufanya utetemeke kisha akakutuliza ndiye wako. Wapo watu wazima wabaya wanaojua kufanya yote mawili kwa makusudi, na hawangojei binti amalize kitabu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kuhesabu siku. Fungua daftari, andika ukurasa wa kukutana mara ya kwanza na ukurasa wa ahadi ya ndoa, kisha hesabu siku za hadithi zilizo katikati. Mara nyingi utakuta siku kumi, au wiki mbili. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, nayo ikawa machoni pake kama siku chache tu. Wiki mbili peke yake hazikiangushi kitabu. Swali linalofuata ndilo linaloamua: je, kuna dakika kumi? Yaani, ipo sura ambayo hakuna anayefukuzwa, wawili hao wanakula, wanabishana kuhusu pesa au wazazi, wanaona kasoro, na bado wanataka kuendelea? Kama ipo, na haswa ikiwa inakuja baada ya muuaji kukamatwa, mwandishi amewaheshimu wasomaji wake. Kama ahadi ya ndoa inatolewa damu ikiwa bado mbichi, kiongozi anakuwa na jambo la kuzungumza na vijana kabla ya kukitoa kitabu.

Kipimo cha pili ni ulinzi. Shujaa wa kiume katika vitabu hivi ni polisi, mpelelezi au mwanajeshi wa zamani, ana miaka 30 na kitu. Hapa kwetu, mwanaume mwenye silaha anayemwambia msichana «usimwambie mtu, niamini mimi tu» si picha ya faraja. Tia alama kila mahali anapomwamulia: anamnyang’anya simu, anamficha bila kumweleza, anamfuata kimya kimya, anarudia ombi baada ya kukataliwa. Kisha tazama kitabu chenyewe kinasemaje. Yeye mwenyewe anaomba radhi? Mwanamke anaruhusiwa kukasirika, au hasira yake inageuzwa kichekesho? Vitendo hivyohivyo mwandishi anampa mhalifu vikiwa uovu na shujaa vikiwa upendo? Hilo la mwisho linatosha kukirudisha kitabu, hata kama kina sala katika kila sura.

Kuhusu sala, jambo moja linapita bila kuonwa na wasomaji wanaotafuta mabusu tu. Kuna desturi ya shujaa asiyeamini anayeokoka karibu na mwisho, mara nyingi baada ya kunusurika kifo, ili ndoa isivunje agizo la 2 Wakorintho 6:14, la kutofungwa nira pamoja na wasioamini. Mwandishi anataka kuheshimu Neno. Binti anasoma kingine: mpende kwanza, wokovu utafuata. Uliza kama wokovu huo ungemjia hata kama mwanamke angekataa posa. Kama hadithi haiwezi kujibu, mzungumze na kijana juu yake kwa uwazi.

Kazi hii inataka kitabu kisomwe chote. Riwaya fupi za aina hii zina maneno kama 55,000. Kwa msomaji wa Kifaransa wa wastani ni saa tano au sita, yaani jioni tatu ikiwa umeme upo. Kusoma kurasa 20 za mwanzo na sura ya mwisho kunadanganya, kwa sababu mambo yote niliyotaja yako katikati. Kubandika karatasi juu ya aya mbaya, kama wengine wafanyavyo, kunawaonyesha vijana waanzie wapi. Wasomaji wawili, mama mmoja na kijana mmoja wa miaka 20 hivi, wanaona mengi kuliko pastere au padri peke yake. Na ikumbukwe kwamba kitabu kinachokataliwa kabatini kinaweza kufika kwenye simu ya kijana kama faili bila kupita kwa mtu mzima yeyote.

Kwa umri, ningegawa hivi: wenye miaka 13 na 14 wapewe zile ambazo mapenzi ni kijito pembeni ya fumbo, 15 hadi 17 wapewe zilizopita vipimo viwili, kwa wiki mbili, wakijua kwamba kutakuwa na mazungumzo. Kumbusha jambo la sheria pia, maana vitabu haviligusi: mwanamke wa hadithi ana miaka 28, lakini Kanuni ya Familia ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka ndoa kuanzia miaka 18 kwa msichana na mvulana sawasawa. Mwanaume wa miaka 30 anayemtongoza msomaji wa miaka 15 si shujaa wa kitabu chochote.

Anabaki yule mtoto ambaye mzazi wake aliomba akili ipumzike. Huyo asilazimishwe, na asinyimwe mbele ya wenzake, maana kunyimwa hadharani kunatangaza jeraha lake. Angalia kwanza kama kitabu kinaanza kwa sauti ya muuaji mwenyewe, akiwaza ndani ya kichwa chake namna ya kumfuata mwathirika. Waandishi wa aina hii wanapenda sana mlango huo, na kwa aliyeteswa ndio mlango mgumu kuliko yote. Mwambie kila anayeazima, bila kumchagua mmoja, kwamba kurudisha kitabu ukurasa wa 30 hakuhitaji maelezo. Akikirudisha mapema, andika tarehe kwenye daftari na mpe kingine papo hapo. Akianza kukosa usingizi au kukaa kimya kupita kawaida, ongea na mama yake au mtu mzima anayemwamini, na usimuulize yeye akueleze kilichotokea. Na kama amekisoma hadi mwisho, mwulize tu ni ukurasa gani mwanamke yule alianza kuaminiwa, halafu umsikilize.