Mgowe wa bibi haukuwa wa bure

Neno "kujitolea" siku hizi linanikera. Mtoto wa kaka yangu ana shahada ya ualimu, hisabati na fizikia, na huu ni mwaka wa tatu anafundisha kwenye shule moja ya kata huku kwetu Mufindi bila ajira. Anaitwa mwalimu wa kujitolea. Wazazi wanachanga, wakichanga vizuri anapata elfu hamsini kwa mwezi, na miezi ya njaa anapata debe la mahindi na pole nyingi. Kwenye mahafali ya mwaka jana mgeni rasmi alimsimamisha, watu wakampigia makofi kwa moyo wake wa uzalendo. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma, nikajiuliza kama mgeni rasmi naye mshahara wa mwezi ule alikuwa ameuacha dirishani.

Nasema hivi nikiwa nimetoka kwenye ukoo ambao watu wake wote wamewahi kufanya kazi isiyo na mshahara. Na ukoo wenyewe ni mdogo. Ndugu wengi tulionao si wa damu, tumewapata kwenye hizo kazi.

Bibi alikuwa mtu wa mgowe. Kwa msiojua, mgowe huku kwa Wahehe na Wabena ni kuitana kulima. Unatangaza siku, majirani wanakuja na majembe yao, mnalima shamba lako, kisha mnakula na kunywa. Bibi alikuwa akiuweka mgowe wake wa palizi wakati wa mvua, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiwa unatoka kwa wingi. Nakumbuka ndoo mbili zimefunikwa majani ya mgomba chini ya mparachichi, povu likitafuta pa kutokea, na sisi watoto tumekatazwa kusogea. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu kama soda. Wa jioni ni habari nyingine, ndiyo maana bibi alihakikisha shamba linaisha kabla ya saa nane.

Kilichonivutia baadaye, nilipokuwa mtu mzima, ni hesabu. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua nani alikuja, nani alimtuma mtoto badala yake, nani alichelewa akaja wakati wa kula. "Yule mama namdai siku moja," alikuwa anasema, au, "Kesho kutwa nyote twende kule bondeni, tunadaiwa." Hakuona aibu kuliita deni. Kwake msaada usio na zamu ulikuwa ama sadaka, ama unyonywaji, na alivijua vyote viwili kwa majina yake.

Babu naye alichimba mtaro wa bomba la maji ya mserereko, kila kaya ikipimiwa hatua zake. Sina mengi ya kusimulia hapo, alikuwa mtu asiyeongea. Ila mpaka anazeeka, akipita penye kipande chake alikuwa anagonga ardhi kwa fimbo.

Mama ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. Mwaka 2002 alichaguliwa na mkutano wa kijiji kuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani. Iringa ya wakati huo ilikuwa bado imeibeba Njombe ndani yake, hadi ilipomegwa mwaka 2012, na watu walikuwa wanakufa kwa UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwishoni mwa 2004; kabla ya hapo mama alikuwa na begi lenye glavu, sabuni, panadol, dawa ya zambarau ya kupaka vidonda na kipande cha mpira cha kumlazia mgonjwa. Basi. Aliwaosha watu ambao ndugu zao walikuwa wanawasukumia sahani kwa mguu. Akirudi alikuwa anakaa nje kwenye kigoda, hataki kuongea, na sisi tulijua kumwekea maji ya moto bila kuulizwa. Wapo wanaodhani hayo ni ya zamani. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 bado uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima, na Iringa ikifuata na 11.1, wakati taifa zima ni 4.4.

Kikundi cha mama kilikuwa na watu kumi na mmoja na kilidumu miaka mingi. Kilichokivunja ni posho. Mradi mmoja ulikuja, wakaitwa semina wanne, wakarudi na bahasha, na waliobaki hawakuambiwa kilichomo. Wiki ile ile kijiji kizima kikajua kwamba wale wanne ni matajiri. Mama alikuwa mmoja wao. Aliyemsema vibaya zaidi ni rafiki aliyekuwa akishika naye mgonjwa, huyu kichwani, yule miguuni.

Kuna wanaosema fedha ndiyo imeharibu moyo wa watu. Siafiki. Mkono mtupu haulambwi, na hata bibi alilipa: ulanzi ule aliugema mtu, ugali ule ulipikwa kwa unga wake. Tofauti ni kwamba ndoo zilikaa chini ya mti, kila mtu akiziona. Bahasha inakaa mfukoni. Na hapo ndipo ninapomwona mpwa wangu ameonewa: analima shamba la watu mwaka wa tatu, na hakuna anayesema siku ya kulima la kwake ni lini. Ada ilipofutwa sekondari mwaka 2016 wazazi wengi walishusha jembe, wakasema sasa ni kazi ya serikali. Wengine bado wanachanga. Yeye kabaki katikati, na hawezi kuondoka kwa sababu kidato cha nne hakina mwalimu mwingine wa hisabati. Moyo anao, sibishi. Wanaousifu ndio hawadaiwi kitu.

Januari hii mama aliteguka nyonga, palizi ikamkuta kitandani. Niliomba ruhusa kazini Iringa mjini nikapanda, nikiwa nimebeba hela ya vibarua. Nilikuta watu tisa shambani. Mmoja ni mwanamume mnene mwenye bodaboda, ambaye mama alimwosha mwaka 2003 akiwa mifupa mitupu. Mwingine ni yule rafiki wa bahasha. Walisema "kamwene" wakaendelea kupalilia.

Mama alitaka kigoda chake kitolewe nje ili aone. Akakaa, akatazama, akalalamika kwamba wa pembeni wanaacha majani mstari wa mwisho. Kisha akaniita.

"Hiyo hela rudisha mfukoni. Jumanne tunadaiwa kwa mwenye bodaboda, utaenda wewe na huyo mwalimu. Na jembe la mpini mfupi mwachie yeye, wewe mgongo wako naujua."