Klipa haina kumbukumbu, kanda inayo

Kijana mmoja wa singeli aliniletea biti yake kwenye flashi, mipigo 240 kwa dakika, na ombi moja tu: "Kaka, ipige ikae kama za kwenye kigodoro." Nikafungua limita ninayoipenda, ile programu inayoshusha sauti kila inapotaka kuvuka kiwango, nikaisukuma, na wimbo ukaanza kusinyaa. Sauti ilikuwepo, tena kubwa, ila kila kiki, lile pigo zito la ngoma ya chini, ilikuwa inazamia kwenye ile inayofuata, kama mtoto anayechapwa tena kabla hajamaliza kulia. Nikapunguza. Nikaongeza. Nikaweka limita nyingine, halafu ya tatu. Usiku wa manane ndipo nilipochukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza nilipoanza kuwatoza watu hela kwa kazi hii ya kumalizia sauti za nyimbo.

Kwa kasi ile, mpigo mmoja unachukua milisekunde 250. Ugawe mara nne, kama singeli inavyopenda kugawa, unabaki na milisekunde 62 na nusu kati ya pigo na pigo. Limita yangu ilikuwa imewekwa iachie kwa milisekunde 100. Yaani pigo la pili linaingia wakati limita bado imekalia la kwanza, la tatu hivyo hivyo, na wimbo mzima unakaa umebanwa shingo tangu salamu hadi mwisho. Nikaitoa, nikaweka klipa, programu inayokata kilele cha wimbi la sauti, kwenye kundi la ngoma, nikakata desibeli tatu za ncha, yaani za vilele hivyo. Biti ikasimama. Haikuchukua hata dakika tano.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza anunue klipa gani au plagini gani ya kanda (programu ndogo ya kuongeza kwenye kompyuta, inayoiga mashine za utepe), namrudishia swali: unataka kifaa kinachokumbuka au kisichokumbuka?

Klipa haikumbuki kitu. Inaitazama sampuli moja, yaani kipimo kimoja kati ya maelfu ya vipimo vya sauti kwa sekunde, inauliza kama imevuka mstari, ikiwa imevuka inaikata, basi. Sampuli iliyopita haiijui, ijayo haiijui. Limita inakumbuka kwa muda: ikishashusha sauti, inahitaji nafasi ya kuirudisha. Kanda nayo ina kumbukumbu ya aina nyingine kabisa, kumbukumbu ya sumaku. Chembe za oksidi zilizopakwa kwenye utepe zikishaelekezwa upande mmoja hazigeuki kirahisi, kwa hiyo kile kinachorekodiwa sasa kinategemea pia kilichopita punde. Wanafizikia wanaita tabia hiyo histeresisi. Mambo mengine yote ambayo wauzaji wanakusimulia, joto, gundi, uhai, kwangu mimi yanakuja baada ya hapo.

Tuanze na klipa, maana ndiyo inayonunuliwa ovyo zaidi.

Ukitaka ukweli wangu, klipa ngumu mbili zilizowekwa mstari mmoja zitakata vilevile. Hesabu ya kukata ni fupi mno kuwa na siri. Kinachozitofautisha ni umbo la kona na usafi wa kazi. Kona kali inaacha kila kilicho chini ya mstari kama kilivyo. Kona laini inaanza kukunja mapema, kabla ya mstari wenyewe, kwa hiyo inagusa hata sauti ambazo hukukusudia kuzigusa. Fruity Soft Clipper iliyomo ndani ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ni ya namna hiyo ya pili, na nusu ya biti unazozisikia kwenye bajaji zimepita humo. Sina ugomvi nayo. Kwenye kiki moja peke yake inafanya kazi nzuri sana. Ugomvi wangu ni kuiweka kwenye masta, yaani wimbo mzima uliokamilika, halafu kushangaa kwa nini sauti ya msanii imekuwa na mchanga.

Usafi ndio unaohitaji maelezo kidogo. Ukikata wimbi, unazaa masafa mapya juu yake, na kukata sawasawa juu na chini huzaa yale ya witiri: mara tatu, mara tano, mara saba. Kwa besi hii ni baraka. Kiki ya hezi 50 haisikiki kwenye spika ya simu, lakini watoto wake wa hezi 250 na 350 wanaanza kusikika, na ubongo wa msikilizaji unajaza mama asiyekuwepo. Balaa liko juu. Sauti ya kilohezi 15 kwenye hi-hati ikikatwa inazaa kilohezi 45, na mradi wako wa sampuli 44,100 kwa sekunde hauwezi kubeba kitu chochote kupita nusu yake, kilohezi 22. Ile 45 haipotei. Inakunjika na kurudi chini, inatua kwenye hezi 900, katikati kabisa ya sauti ya mwimbaji, ikiwa haina uhusiano wowote na ufunguo wa wimbo. Ule mchanga ninaousema, sehemu yake ni huo.

Dawa yake ni ovasamplingi: plagini inazidisha sampuli ndani kwa ndani, inakata, inachuja, kisha inarudisha. Free Clip ya Venn Audio inayo, tena haina bei, na inakupa maumbo kadhaa ya kona kuanzia kali hadi la mviringo. StandardCLIP ya SIR Audio Tools na KClip ya Kazrog ni za kulipia na zote ni kazi safi. Lakini hapa kuna kitu ambacho watu hawaambiwi: ukitumia ovasamplingi, ule mchujo wa mwisho unaweza kurusha ncha ndogo juu ya mstari uliouweka. Umeweka sifuri, mita inasoma juu ya sifuri kidogo, unaanza kudhani plagini ni mbovu. Si mbovu. Ndiyo sababu mimi huweka limita nyepesi mwishoni, ya kukamata hayo masalia tu, isiyofanya kazi nyingine yoyote. Na ndiyo sababu, kwenye kiki na snea, mara nyingi sihangaiki na ovasamplingi hata kidogo. Ncha ya kiki inaisha ndani ya milisekunde moja au mbili. Milisekunde moja ni sampuli 44. Sikio halina muda wa kulalamika.

Besi ndefu na sauti ya mtu ni kesi nyingine. Pale klipa haikati ncha, inakata kila mzunguko wa wimbi, mamia kwa sekunde, na sikio lina muda wote wa kulalamika. Nina njia moja ya kujipima ambayo haijawahi kuniangusha. Nanakili wimbo, mmoja umepita kwenye klipa na mwingine haujapita, nasawazisha sauti zao, nageuza wimbi la mmoja juu chini, nazicheza pamoja. Kinachobaki ni kile klipa ilichoondoa. Nikisikia tik-tik za ngoma peke yake, naendelea. Nikianza kusikia maneno ya mwimbaji humo ndani, nimeshaiba. Siku moja nilisikia beti zima la wimbo wa taarabu, linaeleweka neno kwa neno, na wimbo wenyewe nilikuwa nimeshaupeleka kwa mteja wiki mbili kabla. Niliufanya upya bila malipo na sikumwambia kwa nini.

Sasa kanda.

Watu wa rika langu tukisikia neno "kanda" tunaona kaseti, kalamu ya Bic, na redio iliyokula utepe katikati ya wimbo mzuri. Vijana nao wakiniambia wanataka ladha ya kanda, nawauliza: kanda ipi? Kaseti ilikuwa inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine ya studio ilitembea sentimita 38, mara nane zaidi, au ikipenda 76. Hizo ni sauti tofauti kabisa. Kadiri utepe unavyotembea polepole, juu kunafifia na mvumo unapanda. Kwenye 38 besi inapata uvimbe wa aina yake unaotokana na umbo la kichwa cha kusomea; ukipanda hadi 76, mvumo unapungua, juu kunafunguka, uvimbe wa besi unahamia juu na ile besi ya chini kabisa inalegea. Kwa hiyo kitufe cha kasi kwenye plagini si pambo. Ndicho cha kwanza kukigusa, kabla hata ya kile cha kusukuma.

Cha pili ni bayasi. Mashine ya Magnetophon ilipoonyeshwa Berlin mwaka 1935 ilirekodi vizuri kuliko vilivyotangulia, lakini bado kwa mvumo mwingi. Mwaka 1940 mhandisi Walter Weber alikuta kwamba ukichanganya sauti na wimbi la juu sana lisilosikika, utepe unaacha kuvuruga sauti ndogo. Hiyo ndiyo bayasi. Ukiizidisha, juu kunalala. Ukiipunguza, kunakuwa na mikwaruzo kwenye sauti za chini, mikwaruzo ambayo kwenye gitaa la rithim wakati mwingine ni tamu kuliko chochote unachoweza kukinunua.

Plagini ninayoipendekeza kwanza ni CHOW Tape Model. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na imejengwa kwa kuiga fizikia ya rekoda ya Sony TC-260, histeresisi na yote, badala ya kuchora tu kona laini na kuiita kanda. Ina hadi sehemu inayoitwa Chew, kazi yake ni kuigiza utepe uliotafunwa. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kuna mtu amekaa akaandika hesabu za kitu ambacho redio ya mjomba wangu ilikuwa inakifanya kila Jumapili. Ukiwa na fedha, Satin ya u-he inakuruhusu kuingia ndani zaidi, na J37 ya Waves, iliyoiga mashine ya Studer ya studio za Abbey Road, ina rangi nzito inayopendeza kwenye sauti za watu. Za Airwindows ni za bure pia, hazina picha wala sindano inayocheza, na hilo nalihesabu kama faida. Sindano inayocheza imeshawadanganya wengi.

Wapi kanda inafaa? Panapokuwa na kitu kinachodumu: sauti, violini na kodiani za taarabu, gitaa, kibodi. Kwa sababu inakumbuka, inaunganisha. Sauti za juu ndizo zinazojaa mapema kwenye utepe, kwa hiyo "s" kali za mwimbaji zinalainika zenyewe bila kuchongwa. Lakini kumbukumbu hiyohiyo ndiyo inayoichafua singeli. Niliweka kanda kwenye masta ya yule kijana, kwa tamaa tu, na zile ncha nilizohangaika kuzisimamisha zikalala chali. Nikaiondoa kwenye masta nikaibakiza kwenye sauti yake peke yake.

Halafu kuna suala la nyimbo za zamani. Kila mwezi napata mtu anayetaka wimbo wake "usikike kama Sikinde", ile bendi ya dansi ya Mlimani Park. Rekodi za bendi za dansi pale Radio Tanzania Dar es Salaam, miaka ya 1970 na 1980, kweli zilipita kwenye mashine za utepe wa magurudumu, na kweli utepe una mchango wake. Ila mchango mkubwa, kwa masikio yangu, ni watu wengi chumba kimoja, wanapiga pamoja, wamezoeana kwa miezi ya kupiga kila wikendi ukumbini, ala ya mmoja ikivuja kwenye maikrofoni ya mwenzake. Hakuna plagini ya hilo. Mtu ana gitaa la kubonyeza kompyutani, ngoma za kubonyeza kompyutani, kila kitu kimenyooshwa kwenye gridi, halafu anataka kanda imletee ukumbi.

Kuhusu plagini za kukraki, zile za wizi, sitahubiri, nilishatumia. Nasema tu kwamba kwenye kazi hizi mbili hasa, klipa na kanda, vya bure vimekuwa vizuri kiasi kwamba mtu anahatarisha laptopu yake kwa faida nisiyoiona. Bando la kupakulia Free Clip halifiki la video moja ya kumsikiliza mtu akisifia klipa ya bei mbaya.

Na ukizijaribu, tafadhali, sawazisha sauti kabla ya kuhukumu. Desibeli moja ya ziada inatosha kukufanya uone plagini ni bora. Karibu kila plagini ya kanda inaongeza sauti ukiisukuma, na ndipo watu wanapopendana nayo. Shusha kitufe cha kutokea hadi ukiizima na kuiwasha usisikie tofauti ya ukubwa, ndipo usikilize.

Mwisho wa safari kuna ukubwa wenyewe. Spotify inasawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mpangilio wake wa kawaida, YouTube nayo inashusha zinazopiga kelele. Masta ya -6 ikifika Spotify inavutwa chini desibeli nane, na ulichokata hakirudi. Lakini spika za kigodoro hazina LUFS. DJ anachomeka flashi, wimbo wako unafuatia wa mwenzako, na ukiwa mdogo watu wanakaa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema vita vya ukubwa vimekwisha. Vimekwisha kwenye mtandao, Manzese bado. Yule kijana nilimpa mafaili mawili: moja la mtandaoni, ngoma zimekatwa kidogo na ncha zimeachwa desibeli moja chini ya sifuri, na lingine la flashi, limekatwa mpaka hesabu yangu ya wimbi lililogeuzwa ikaanza kunong'ona jina lake. Alisikiliza yote mawili kwenye simu, akanirudishia hedifoni, akaniuliza kama ninaweza kuiongeza kasi ifike 260.