Pistoni na Shemeji Zake

Siku niliyoamua kuiongezea nguvu injini ya pikipiki yangu, nilikuwa napandisha kilima kwa gia ya pili, nimeinama juu ya tangi kama mtu anayenong'onezwa siri, ndipo mzee mmoja aliponipita akiwa amekaa wima kabisa, godoro amelifunga nyuma ya kiti, na mkono wake mmoja ameuinua kunisalimia. Kunipita ningemsamehe. Ile salamu ndiyo iliyonipeleka kununua daftari.

Daftari hilo nililigawa safu tatu. Ya kwanza niliipa jina "Lazima", ya pili "Ikiwezekana", na ya tatu, ambayo niliiandika kwa penseli na kwa herufi ndogo, "Mama Zawadi Asione". Mpango wangu ulikuwa mfupi na wa kupendeza. Kipenyo cha silinda yangu ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5 kutoka chini hadi juu, kwa hiyo injini nzima ina ujazo wa sisi 124, yaani sentimita za ujazo. Nilipiga hesabu nikaona kwamba nikiweka pistoni ya milimita 62, bila kugusa kitu kingine chochote, nitafikia sisi 149, yaani ongezeko la asilimia 20. Chini ya "Lazima" nikaandika neno moja tu, pistoni, nikalipigia mstari, nikalala usingizi mnono ambao sijaupata tena tangu nilipompelekea fundi daftari lile.

Fundi alilisoma lile neno moja kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Kisha akanirudishia daftari na kuniambia, kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, "Mzee wangu, pistoni haiji peke yake."

Na kweli haiji peke yake. Pistoni ni kama bwana harusi: wewe umemwalika yeye, lakini mlangoni wanafika shemeji zake wote, na kila shemeji ana njaa. Ringi zinakuja naye, hilo nililitegemea. Pini na vipini vyake vya kuizuia isichomoke vinakuja naye, hilo pia nililivumilia. Lakini ukuta wa silinda ya zamani hauna unene wa kutosha kukerezwa kutoka 56.5 hadi 62, kwa hiyo inatakiwa silinda mpya. Silinda mpya ni nene kuliko ile ya zamani, kwa hiyo mdomo wa kasha la injini nao lazima ukerezwe ili iingie. Na ili mdomo huo ukerezwe, injini nzima lazima ishushwe na kupasuliwa, jambo ambalo maana yake ni gasketi zote mpya, sili zote mpya na oili mpya. Nilikuwa bado naandika neno "sili" fundi alipokumbuka kwamba, kwa kuwa injini itakuwa imeshafunguliwa, ingekuwa dhambi kutobadilisha na beringi.

Mtu asiye fundi atauliza kwa nini kazi hii isifanywe kwa bei nafuu na mtu mwenye tupa na moyo wa kujitolea. Nililiuliza swali hilo. Nilijibiwa kwamba nafasi inayoachwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni kama milimita 0.04, nyembamba kuliko unywele wa kichwani; ikizidi, pistoni inacheza na injini inakula oili, na ikipungua, pistoni inatanuka kwa joto na kung'ang'ania palepale, wakati wewe uko katikati ya barabara unatabasamu. Nikahamisha "fundi wa kukereza" kutoka safu ya pili kwenda ya kwanza.

Hapo ndipo Zawadi, binti yangu, aliyekuwa mezani akifanya kazi zake za shule, alipoinua kichwa na kuuliza swali ambalo mtoto mwenye heshima asingemuuliza baba yake: kama chumba cha kuchomea mafuta kitabaki kilekile, mgandamizo utakuwaje? Nilimwambia aendelee na kazi zake. Akaendelea nazo kwa kutumia daftari langu. Uwiano wa mgandamizo wa injini yangu ni 9.2 kwa 1, kwa hiyo juu ya pistoni inapofika kileleni hubaki nafasi ya sisi 15 hivi. Ukisukumia hewa ya silinda ya sisi 149 ndani ya nafasi ileile, uwiano unapanda hadi karibu 11 kwa 1. Nilifurahi, kwa sababu nilidhani nimepata kitu cha bure. Fundi, nilipompa habari hiyo kwa simu, hakufurahi. Mgandamizo ukipanda kiasi hicho katika injini inayopozwa kwa upepo, petroli ya kawaida huweza kuwaka kabla ya zamu yake na injini ikaanza kugonga, na kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni juu. Kwa hiyo ama ninunue pistoni yenye kichwa kilichobonyea, ama niongeze unene wa gasketi ya hedi, ama nihamie kwenye petroli yenye okteni ya juu, yaani inayostahimili mgandamizo bila kujiwakia, kila ninapojaza tangi hadi mwisho wa uhai wa pikipiki au wa kwangu. Hilo la tatu halikuwa na safu. Nililazimika kuchora ya nne, nikaiita "Kila Wiki".

Sitaki kumchosha mtu kwa habari za kabureta, ila niseme tu kwamba injini inayovuta hewa nyingi zaidi inataka na petroli zaidi, la sivyo mchanganyiko unakuwa mwepesi na joto linapanda. Kwa hiyo jeti kubwa, yaani kile kitundu kinachopimia petroli, ibadilishwe, na hakuna anayejua kwa hakika ni ipi inayofaa mpaka ajaribu tatu au nne na kuangalia rangi ya plagi. Yaani bajeti inatakiwa iwe na mstari wa vitu vitatu ninavyonunua nikijua kabisa kwamba sivihitaji. Kamshafti, shafti ya kufungulia vali, niliikata mwenyewe, kwa sababu ilikuja na springi za vali. Ekzosi ya mbio niliikata pia, ingawa kwa machozi. Wengi huanza na ekzosi, na ninawaelewa, kwani ndiyo sehemu pekee ya injini ambayo majirani wanaweza kuifahamu bila kuelezwa, lakini injini ndogo ikifungwa bomba wazi bila kurekebishwa kabureta, kinachoongezeka zaidi ni kelele.

Kufikia jioni ya Jumapili mistari ilikuwa 23. Mke wangu akaja akaketi, akalivuta daftari, akasoma safu zote nne kwa utulivu, ile ya tatu ikiwa pamoja nazo.

"Baba Zawadi," akaniambia, "sasa hivi injini ina nguvu ya farasi wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na ukimaliza haya yote?"

Nikamwambia kwamba, ikiwa nguvu itaongezeka sawasawa na ujazo, watakuwa 13 na ushei kidogo. Akachukua jumla yangu, akaigawa kwa mbili, akanionesha bei ya farasi mmoja. Kisha akaniuliza, bila kicheko chochote, kama farasi wa kweli, mwenye miguu minne na mkia, asingepatikana kwa pungufu ya hapo.

Nilijitetea kwa mwendo. Pikipiki yangu ikiachiwa kwenye tambarare inafika kilomita 95 kwa saa na haiendi zaidi hata ukiibembeleza, na mimi maishani mwangu sijawahi kuuona mshale ukigusa 100. Lakini Zawadi alikuwa bado yupo mezani. Akaeleza kwamba katika mwendo mkubwa adui ni upepo, na nguvu inayotakiwa kuushinda upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kwa hiyo nguvu ikiongezeka kwa asilimia 20, mwendo unaongezeka kwa asilimia 6 tu. Akaandika 101 chini ya ukurasa na kuizungushia duara. Mistari 23, shemeji wote wale, kwa ajili ya kilomita sita. Na kwa mwendo huo, akaongeza, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza ili pikipiki isimame ni zaidi ya asilimia 12 juu ya ile ya sasa. Je, breki nimeiandika wapi? Sikuwa nimeiandika popote. Naona ndivyo tulivyo sisi wapenda mwendo: tunapanga bajeti ya kuondoka, ya kusimama tunamwachia Mungu.

Nikasema shida yangu hasa si tambarare, ni kilima. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu kwenye kilima upepo si kitu, uzito ndio mwamuzi. Pikipiki ina kilo 115, mimi nina 92. Mke wangu akakokotoa kwamba nikipungua kilo kumi, uzito wote unapungua kwa karibu asilimia 5, ambayo kilimani ni sawa na kuongezewa nusu farasi. Akanitazama tumboni kwa namna ya mtu anayekagua banda. "Nusu farasi yuko hapo," akasema, "na hahitaji gasketi."

Kilichoniua kabisa, hata hivyo, ni lile nililolisikia kwa fundi kesho yake, nilipokwenda kumwomba apunguze. Akaniambia kwamba injini iliyojengwa upya inapaswa kuzoeshwa, na kwa kilomita 500 za kwanza au zaidi nisivute resi hadi mwisho, nisipande nikiwa nimebeba mtu, na nimwage oili mapema kabla ya muda wake. Nilimwomba arudie. Akarudia. Maana yake ni kwamba ningelipa fedha zote zile, kisha ningekwenda polepole kuliko sasa kwa wiki kadhaa, na yule mzee wa godoro angenipita kila siku, kwenda na kurudi.

Basi nikafunga daftari, nikamuuliza fundi kama kuna kitu chochote duniani cha mstari mmoja. Akafikiri. Akasema kipo: sproketi ndogo ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, niondoe ya meno 15 nifunge ya meno 14, na pikipiki itavuta kilimani kwa asilimia 7 zaidi bila injini kufunguliwa. Nilitia sahihi kabla hajamaliza sentensi, ndiyo sababu sikumsikia akisema kwamba sproketi mpya haifungwi kwenye cheni iliyochakaa, na cheni mpya haifungwi kwenye sproketi kuukuu ya nyuma. Shemeji wawili tu. Nikawakaribisha. Kilichobaki nilinunulia viatu vya breki.

Sasa kilima kile nakipanda kwa gia ya tatu. Kuna jambo jingine pia, ambalo nililigundua mwenyewe na sijalipeleka mezani kwa Zawadi. Mita ya mwendo ya pikipiki yangu haihesabu kutoka kwenye gurudumu la mbele, inahesabu kutoka kwenye giaboksi, nayo haijaambiwa na mtu kwamba sproketi imepungua jino. Kwa hiyo inazidisha, ikisoma 100 wakati mwendo wa kweli ni 93. Juzi, kwenye tambarare, mshale uligusa 100 kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa bado nautazama nilipousikia mlio nyuma yangu. Alikuwa ni yule mzee, safari hii na kabati, na kabla hajanifikia ubavuni niliwahi kumsalimia mimi.