Maufa

Najua wengi wenu mmeshaipata habari yangu kwenye status ya binamu yangu. Toleo lake linasema nimefeli Kiswahili. Mimi, mtoto wa Ngamiani, Tanga! Nieleze mwenyewe kabla halijafika Pangani, maana Muheza limeshafika, nimepigiwa simu.

Safari yangu ya kwenda kusoma Marekani mnaijua. Chuo chenyewe ni cha kile wanachokiita sanaa huria. (Mjomba aliposikia sanaa alifoka: "Kama ni kupiga ngoma, Bagamoyo si hapo tu?") Sivyo, Mjomba. Pale huingii moja kwa moja kusomea fani moja. Mwanzoni unaonja huku na huku, sayansi kidogo, historia kidogo, lugha kidogo, fani unakuja kuichagua baadaye, wengi mwishoni mwa mwaka wa pili. Asili yake ni zile sanaa saba za Ulaya ya kale: sarufi, mantiki, balagha (ufundi wa kusema), hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Angalieni iliyotangulia ni ipi. Tutarudi hapo, kwa masikitiko.

Sasa, kabla usajili haujafunguliwa, kila mgeni anapanga masomo manne ya muhula wa kwanza, kisha anakaa na mshauri wake kuyajadili. Semina ya mwaka wa kwanza ni lazima, wanakufunza kuandika. Nikaweka hesabu, nikaweka uchumi. Natafuta la nne, macho yakatua kwenye Kiswahili cha Kuanzia. Kwa wasiojua kabisa! Jamani, embe limedondoka miguuni, niliruke? Fomu ikauliza kama nimewahi kuisoma lugha hii. Nikajaza hapana. Chuoni sijawahi, au nimedanganya? Mnaoguna, gunieni huko huko.

Kikao kikawa kwa Zoom, saa tatu asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa kumi jioni, muda Bibi anaochuja chai. Nimekaa sebuleni, juu shati la Idi, chini msuli. Mshauri kijana mpole. Kwenye kisanduku cha pembeni yupo mama wa Kizungu mwenye mvi, kimya, anaandika tu. Nikajua karani.

Mshauri akaniuliza, kwa nini Kiswahili? Nikamjibu kwa Kiingereza kilichovaa suti kwamba nina kiu ya kuifahamu lugha ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Karani akainua kichwa. Akatabasamu. Nami nikamrudishia tabasamu, mpumbavu mimi.

Hapo ndipo pazia lilipofunuka. Bibi, kikombe mkononi, kanga begani, akaja akainama mbele ya kamera mpaka kioo kizima kikawa pua yake.

"Wee mwana, washakupa lile somo la mteremko? Lile wasema utapata A huku walala?"

Ningenyamaza tu. Ningekohoa. Ningemwaga ile chai, Wallahi ningeimwaga. Lakini mtoto wa Bibi akiulizwa na Bibi hujibu, na mdomo ukajibu wenyewe, kwa sauti safi, mtandao siku hiyo haukatiki hata kidogo:

"Taratibu Bibi, bado nawazuga."

Kimya. Nikasikia feni. Nikamsikia binamu mlangoni akijiziba mdomo. Halafu kile kisanduku cha pembeni kikawaka rangi.

"Shikamoo, Bibi," alisema karani.

Bibi nusura aangushe kikombe. "Marahabaa, mwanangu! Kumbe wajua?"

"Nafundisha, Bibi. Ndiye mwalimu wa hilo somo la mteremko."

Nikatafuta pa kuzima, kidole kikawa kinagusa kila kitu isipokuwa penyewe. Mwalimu akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniua, "Basi mwanafunzi wangu, tuanze. Wingi wa ufa?"

Nimekulia kwenye nyumba yenye hizo kitu ukuta mzima. Nilizitazama. Nikasema, "Ma… maufa."

"Nyufa, mwana!" akadakia Bibi, ambaye shule aliiachia darasa la nne.

Hiyo ndiyo kesi yote. Hapakuwa na mtihani wala maksi, kwa hiyo neno "kafeli" halipo, binamu. Kiswahili nimefutwa, nafasi yake nimepewa elimu ya nyota, tena ina maabara ya usiku. Mshauri bado anacheka, nadhani.

Bibi na mwalimu walimaliza bando langu wakizungumzia kupika pweza, siku hizi wanatumiana sauti za WhatsApp. Bibi ameshamwahidi doti mbili za kanga na kopo la achari. Mbebaji ni mimi, na siku ya kwanza chuoni natakiwa nizipeleke mwenyewe ofisini kwake.

Binamu, futa ile status.