Karatasi salama kwenye kijiti cha tumbaku: iwe sheria, isiwe tangazo

Ukichana kwa wembe kijiti cha HEETS, kile kinachochomekwa kwenye IQOS, kifaa cha umeme cha kampuni ya Philip Morris kinachopasha tumbaku bila kuiwasha, utakuta milimita 45 zimegawanywa vyumba vinne. Mbele kuna tumbaku ya milimita 12 tu, na hata hiyo si majani yaliyokatwa. Ni unga wa tumbaku uliotandazwa ukawa kama karatasi, kisha ukakunjwakunjwa. Unafuata mrija mtupu wa selulosi asetati, nyenzo ileile ya vichungi vya sigara, halafu utando uliokunjamana wa plastiki iitwayo PLA, na mwisho kichungi kifupi cha mdomoni. Vyote vimeshikwa kwa karatasi na gundi, karatasi juu ya karatasi. Mvutaji haoni lolote kati ya hayo. Anachokiona ni kisigara kifupi cheupe.

Upo wito wa kurahisisha vifungio vya vijiti hivi na kuvifunga kwa karatasi salama zaidi, nao unatokana na hapo: tabaka ziwe chache, foili ya alumini iondoke, plastiki ipungue, gundi iwe kidogo. Kwa masikio ya kawaida ni wito usio na ubishi. Nani atetee gundi? Lakini ukiingia ndani, kila tabaka ina kazi yake, na ukiitoa kazi ile haipotei. Inabidi ifanywe na kitu kingine.

Tuanze na joto. Sigara ya kawaida ikivutwa, ncha yake hupita nyuzi 800 za Selsiasi. IQOS, iliyoingizwa sokoni mwaka 2014 katika miji ya Nagoya na Milano, haizidi nyuzi 350 hivi. Kifaa cha glo cha kampuni ya British American Tobacco (BAT), kilichoanzia Sendai, Japani, mwaka 2016, matoleo yake ya mwanzo yalipasha kwa takribani nyuzi 240. Karatasi ni selulosi, na selulosi huanza kugeuka rangi na kuoza kwa joto kabla hata ya kufika nyuzi 300. Kwa hiyo kabla ya kuuliza karatasi ni salama au la, uliza moto unatoka upande gani. IQOS za kwanza zilikuwa na bapa la kupasha linalopenya katikati ya tumbaku, hivyo karatasi ya nje ilikuwa mbali kidogo na chanzo cha joto. Kwenye glo joto linatoka kwenye kuta zinazokizunguka kijiti, kwa hiyo karatasi ndiyo inayopashwa kwanza. Karatasi moja ikipita kipimo kwenye kifaa kimoja, haina maana itapita kwenye kingine. Anayeuza wazo la karatasi moja salama kwa vijiti vyote anauza kitu ambacho bado hakipo.

Foili nayo isidharauliwe haraka. Ikibandikwa kwenye karatasi inasambaza joto, na zaidi ya hapo inamzuia mtu aliyeishiwa chaji asikiwashe kijiti kwa kiberiti kama sigara. Kikiwashwa, maelezo yote kuhusu kupasha bila kuunguza hayana kazi tena. Upande wa pili, foili iliyogandishwa kwenye karatasi ni balaa kwa anayerejeleza taka, maana haiwi karatasi na haiwi chuma. Badala yake unaweza kutumia karatasi iliyopakwa madini au chumvi za kuzuia kuwaka. Ila kemikali inayokaa kwa utulivu kwenye pazia la hotelini haijawahi kuulizwa inatoa nini ikipashwa kila siku sentimita chache kutoka mdomoni mwa mtu. Hapa wenye shaka wana haki kabisa.

PLA ni somo lenyewe. Hutengenezwa kutokana na mimea, mara nyingi mahindi, na hulainika kwa joto la nyuzi 60 hivi. Ndiyo sababu iliwekwa pale: inafyonza joto la mvuke kabla haujafika kinywani. Wazo zuri. Mwaka 2019 jarida la Tobacco Control lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walioona utando huo ukiyeyuka wakati wa matumizi na kutoa formaldehaidi sianohidrini, kemikali yenye sumu kali. Waliona pia kwamba tumbaku iliungua zaidi pale kifaa kisiposafishwa baada ya kila kijiti. Philip Morris ilipinga matokeo hayo. Sina haja ya kuamua kesi yao. Kinachonigusa ni kile kifaa kichafu. Watu wanakitumia kikiwa kichafu, kwa sababu watu ni watu, ilhali vipimo vingi vya maabara hufanywa na mikono misafi inayofuata kijitabu. Na habari kwamba PLA huoza ni ya kweli ndani ya mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Mchangani au baharini itakaa muda mrefu sana.

Urahisi wenyewe huhama. Mwaka 2021 ilitoka IQOS ILUMA, isiyo na bapa wala usumbufu wa kukwangua mabaki. Bapa lilikwenda wapi? Liliingia kwenye kijiti: kila kijiti cha ILUMA kina kipande cha chuma kinachopashwa kwa sumaku, na ncha yake imezibwa. Kifaa kimekuwa rahisi, kijiti kimekuwa kigumu, na mtumiaji anatupa chuma kila akimaliza. Wahandisi watasema mvuke unatoka kwa usawa zaidi. Sawa, ila mwenye jalala hakuulizwa.

Historia ya "kitu salama zaidi" kwenye sigara ndiyo inayonifanya niwe mgumu. Kati ya 1952 na 1956 kampuni ya Marekani ya Lorillard iliuza sigara za Kent zenye kichungi cha Micronite, zikitangazwa kuwa kinga kwa wanaojali afya. Ndani ya kichungi mlikuwa na asbesto ya bluu, madini ya nyuzi yanayosababisha saratani. Baadaye, sigara ya Eclipse ya kampuni ya R.J. Reynolds, iliyopasha tumbaku kwa kaa dogo la kaboni, ilizungushiwa nyuzi za kioo kuzuia joto lisitoke. Mwaka 1998 watafiti wa kituo cha saratani cha Roswell Park, Buffalo, Marekani, waliripoti kuwa nyuzi hizo zilikutwa juu ya kichungi, pale mdomo unapokaa. Mara zote mbili nyenzo mpya ilikuwa na jibu la tatizo moja na ikaleta jingine, huku tangazo likiwa limekwishatangulia.

Lakini ipo kinyume chake, na ndiyo inayonifanya nisiukatae wito huu. Karatasi ya sigara yenye vikanda vizito vinavyoizima isipovutwa ilifanywa lazima New York mwaka 2004, Kanada 2005, na Umoja wa Ulaya 2011. Haikupunguza saratani hata chembe, wala hakuna aliyedai hivyo. Ilipunguza nyumba zinazoungua kwa sigara iliyodondoka kitandani. Utafiti wa Massachusetts ulikuta uwezekano wa moto wa aina hiyo ukishuka kwa asilimia 28. Ilifaa kwa sababu ilikuwa sharti la kila kampuni, kwa kipimo kimoja. Hakuna aliyeweza kuitumia kumvuta mteja wa jirani.

Vijiti vya kupashwa vinastahili njia hiyohiyo. Orodha ya kila tabaka iwekwe wazi pamoja na gundi yake, vipimo vifanyike kwenye kifaa kichafu kama kinavyotumiwa, na jaribio la kiberiti liwe sehemu ya kibali. Maneno kama "karatasi asilia" kwenye pakiti yapigwe marufuku, kwani nikotini iliyomo haijali imefungwa na nini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipoiruhusu IQOS mwaka 2020 kutangazwa kuwa inapunguza kukutana na kemikali hatari, ilikataa isitangazwe kuwa inapunguza hatari ya magonjwa. Mteja aliye kaunta hawezi kuitenganisha kauli moja na nyingine, na mwenye duka anajua hivyo.

Japan Tobacco, inayouza vijiti vya kupashwa vya kifaa chake cha Ploom, ndiyo yenye hisa nyingi katika Kampuni ya Sigara Tanzania. Masharti ya tabaka na gundi ni rahisi kuyaandika sasa kuliko baada ya kontena la vijiti kushushwa Dar es Salaam.